Stika ya Kijapani

Fungua boneti ya Vitz iliyopaki Umoja au Donholm uangalie vizuri. Mara nyingi utapata stika ndogo ya Kijapani, imefifia, ina nambari kadhaa. Wengi hudhani ni urembo wa kiwandani. Kumbe ni kumbukumbu ya sevisi: tarehe, kilomita, mafuta yaliyobadilishwa.

Huko Japani gari ya kibinafsi hukaguliwa ikifikisha miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo unaitwa shaken, na ni mazoea gereji kubadilisha mafuta ya breki wakati huohuo. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Vitz ya miaka 7 ikishuka Mombasa, huenda imebadilishiwa mafuta hayo mara 2 au 3. Halafu mazoea yanakatikia hapo bandarini. Stika inakuja, lakini hakuna wa kuisoma.

Sisi tulijifunza hivyo tukiteremka Mai Mahiu, ile barabara ya wafungwa wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia. Tulikuwa watu watano na mizigo ya harusi, trela mbele yetu, anko akikanyaga breki kila kona. Pedali ikawa laini, kisha ikazama hadi sakafuni. Anko akashusha gia hadi namba moja, akavuta handibreki polepole, akaingiza gari kwenye changarawe. Hakuna aliyeongea. Baada ya nusu saa pedali ilikuwa ngumu tena kama kawaida, na hiyo ndiyo ilituogopesha zaidi.

Pedi zilikuwa mpya. Mafuta ndiyo yalikuwa ya zamani. Ukikanyaga breki, mafuta husukuma nguvu ya mguu wako hadi kwenye magurudumu kwa sababu kioevu hakibanwi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, pole pole, hata gari ikiwa imelala tu pale parking miezi sita. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. (DOT 4: 230, kisha 155.) Breki zikipata moto mteremkoni, mafuta yaliyolowa huchemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Zikipoa, mvuke unarudi kuwa kioevu na huwezi kuonyesha fundi chochote.

Hizo herufi DOT ni za Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya 1966. Breki zenyewe ni za kale zaidi. Malcolm Loughead ndiye aliyezibuni, na Duesenberg ikaziweka kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921. Kwa miaka mingi mafuta yake yalikuwa mchanganyiko wa alkoholi na mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika, hiyo hiyo inayojiotea kando ya mto Nairobi bila kupandwa na mtu.

Huku Eastlands kazi ya breki ilipata shule yake yenyewe. Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja watakuwa na magari, kwa hivyo gereji ikawa chini ya mti au kando ya barabara. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani iliishauri serikali iache kuwahangaisha mafundi kama hawa. Ni hadi 1985 ndipo Rais Moi alipowatembelea wale wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda.

Shule hiyo inafunza kwa sauti. Fundi analala chini na spana namba 8, mpira mwembamba umetoka kwenye gurudumu hadi ndani ya chupa ya soda. Kijana wa mkono anakaa kwa usukani. "Pampu! Pampu! Shika!" Nati inafunguliwa, mafuta meusi kama strungi yanatoka, nati inafungwa. "Achilia!" Akiachilia mapema, hewa inanyonywa ndani na kazi inaanza upya, pamoja na matusi. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kukaa kwa kiti cha dereva. Wanaanza na gurudumu la mbali zaidi na tangi la breki, wanaongeza mafuta kabla hayajaisha, na yakimwagika kwa rangi wanamwaga maji haraka, maana rangi huchunwa nayo.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba wasee wa jua kali hawajui. Namna ya kufanya wanaijua sana. Kilichopotea njiani ni lini. Hapa breki huguswa zikilia tu au zikifeli, na mafuta yaliyozeeka hayalii.

Fundi wa anko, pale Kariobangi Light Industries, aliyatoa yote hadi yakawa maangavu magurudumu yote manne. Kisha akaomba biro, akakata kipande cha masking tape, akaandika tarehe na kukibandika kando ya stika ya Kijapani.