Kwaya Kubwa katika Njia Nyembamba

Kuimba peke yake ni karama ya mtu. Kuimba pamoja ni mapatano ya watu. Katika kwaya kila koo hutawaliwa na sikio, na sikio hutegemea pumzi ya jirani. Basi, kwaya iliyotawanyika ikitaka kufanya mazoezi kwa njia ya intaneti, shida yake si ya mitambo tu. Ni shida ya kale: watu walio mbalimbali watapatanaje juu ya pigo moja?

Shida hiyo ilitangulia intaneti kwa miaka mingi. Katika mwaka wa 1855 mtungaji wa Kifaransa, Hector Berlioz, aliongoza waimbaji na wapigaji wapatao 1,200 katika jumba la Maonyesho ya Ulimwengu mjini Paris. Kwa ukubwa wa jumba na wingi wa watu, mkono mmoja haukutosha kuwaongoza wote. Akatumia chombo cha umeme kilichobuniwa na fundi wa Brussels. Mkono wa kulia ulishika kijiti; kidole cha kushoto kilibonyeza kitufe, na waya ukawafikishia pigo viongozi wasaidizi. Berlioz hakupeleka muziki katika waya. Alipeleka pigo tu, maana hilo ndilo lililopungua.

Miaka 165 baadaye shida ile ilirudi pamoja na msiba. Tarehe 10 Machi 2020, waimbaji 61 wa kwaya moja ya wilaya ya Skagit, katika jimbo la Washington, Marekani, walifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu. Watu 53 kati yao walihesabiwa kuwa na ugonjwa wa Korona, na wawili walifariki. Pumzi, iliyo mali ya mwimbaji, ilikuwa imegeuka hatari. Kwaya za nchi nyingi zilifunga milango, zikakimbilia kompyuta.

Huko zilikuta vikwazo viwili, navyo ni rahisi kuchanganywa. Cha kwanza ni wembamba wa njia: picha na sauti za watu wengi zikisongamana, maneno hukatika. Cha pili ni ukawiaji: sauti hufika nzima, lakini wakati wake umepita. Hewani sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Waimbaji walioachana kwa mita 10 husikiana baada ya sehemu kama 30 za elfu za sekunde. Ukawiaji ukizidi hapo sana, kila mmoja humngoja mwenziwe na wimbo hulegea. Programu za mikutano, zilizoundwa kwa mazungumzo, kwa kawaida hukawia zaidi ya hapo. Njia pana yaweza kununuliwa. Walakini mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, na hapana fedha iwezayo kuuhimiza.

Kwa hiyo zilishikwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukubali ukawiaji. Kiongozi alipiga kinanda na kuimba. Waimbaji walizima vipaza sauti vyao, kila mmoja akaimba nyumbani kwake bila ya kusikiwa. Sehemu za sauti zilizorekodiwa zilipelekwa kabla ya siku ya mazoezi, na picha zikafungwa. Hata njia nyembamba ilitosha, kwa kuwa ilibeba sauti ya mtu mmoja. Kwa desturi ya kurekodi kila mmoja mbali na mwenziwe, Eric Whitacre alikusanya waimbaji 185 katika mwaka wa 2010, na 17,572 katika mwaka wa 2020. Sauti hizo, hata hivyo, ziliunganishwa na mafundi; wenye sauti hawakusikiana.

Njia ya pili ilikuwa kushindana na ukawiaji. Jamulus, iliyoanzishwa na Volker Fischer katika mwaka wa 2006, na JackTrip, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, ziliacha picha zikapeleka sauti peke yake. Kama waimbaji 60 wangepelekeana moja kwa moja, kila mmoja angetuma sauti yake mara 59. Sauti zikichanganywa katika kompyuta moja ya kati, kila mmoja hutuma mara moja na kupokea mchanganyiko mmoja. Lakini njia hii ilifaa watu wa miji ya jirani; waliotengwa na bahari walibaki na ile ya kwanza.

Mwenye njia nyembamba, basi, hana budi kuuliza kama alivyouliza Berlioz: ni kitu gani kidogo kisichoweza kukosekana? Faida ilipatikana, maana mwimbaji aliyezoea kujificha nyuma ya sauti ya jirani alilazimika kuijua sehemu yake. Hasara nayo ilikuwa kubwa: kiongozi aliongoza kimya, asiweze kusahihisha kosa asilolisikia. Mtandao uliweza kumfundisha kila mmoja kuimba. Kumpisha mwenziwe hujifunza kwa kumsikia.