Ukali si Mzizi: Tafsiri ya Neno "Radikali"

Seneta Bernie Sanders akiitwa radikali huko Marekani, sisi kwa Kiswahili tunasema ana "msimamo mkali". Tafsiri hiyo inapima kitu kingine kabisa. Radikali asili yake ni Kilatini, radix, yaani mzizi. Linauliza mtu amechimba hadi wapi. Ukali ni wa pilipili na wa wembe: unapima mwasho wa maneno. Tena kirai hichohicho ndicho tunachowapa watega mabomu, kwa hiyo aliyepeleka muswada bungeni na aliyelipua soko tunawapika chungu kimoja. Nitaambiwa kimeshazoeleka. Sawa, kibaki kwa hao wa mabomu. Sanders na wenzake nawapendekezea "siasa ya mzizi".

Maana bima ya afya ya Marekani ina mzizi unaojulikana, nao ni mwajiri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilidhibiti mishahara, waajiri wakawavuta wafanyakazi kwa kuwaahidi bima, kisha nafuu ya kodi ikaustawisha mti huo. Sheria ya Barack Obama ya 2010 ilipigiwa kelele kwamba ni ujamaa mtupu, ilhali iliziacha kampuni za bima mahali pake, hata ikawalazimisha raia kununua bima, kama alivyokwisha kufanya Mitt Romney, gavana wa Republican, kule Massachusetts mwaka 2006. Hayo ni matawi. Muswada wa Sanders wa 2017 ulitaka serikali iwe mlipaji mmoja, na kampuni zisiuze bima ya huduma ambazo serikali inazigharamia. Hapo jembe limegonga mzizi, hata muswada wenyewe ungesomwa kwa kunong'ona.

Mtu atapinga kwamba Kanada mpango kama huo ni jambo la kawaida. Ndiyo, leo; lakini ulipoanza katika jimbo la Saskatchewan mwaka 1962, madaktari waligoma wiki tatu. Kila nchi ina mzizi wake, lakini maswali hayabadiliki: nani analipa, na nani anamiliki? Aneurin Bevan, waziri wa afya wa Uingereza, alifika hadi swali la pili: mwaka 1948 hospitali zikawa mali ya taifa. Tanzania nayo ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara mwaka 1977, ikairuhusu tena 1991. Sanders, pamoja na kelele zote juu yake, alijibu swali la kwanza tu. Hospitali aliwaachia wenyewe.