Komitas na Daftari la Nyimbo za Waarmenia

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu neno hili hutajwa kwa ajili ya fedha na bidhaa. Lakini iko mali nyingine ipoteayo upesi zaidi, nayo ni nyimbo za watu wasioziandika. Maisha ya Komitas, mtunzi na mkusanyaji wa nyimbo za Waarmenia, ni ushahidi mkubwa wa jambo hili.

Alizaliwa mwaka wa 1869 katika mji wa Kütahya, magharibi ya Anatolia, uliokuwa chini ya dola ya Uturuki ya wakati ule, akaitwa Soghomon Soghomonian. Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Mama alifariki mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na baba akafuata kabla mwana hajawa kijana. Mwaka wa 1881 askofu mmoja alitakiwa kupeleka yatima akasomeshwe Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia. Soghomon alichaguliwa kwa uzuri wa sauti yake. Waarmenia wa Kütahya walikuwa wakisema Kituruki. Basi mtoto aliposimama mbele ya mkuu wa Kanisa, Gevorg wa Nne, hakuweza kumjibu kwa Kiarmenia. Alichoweza ni kuimba wimbo wa ibada, ambao maneno yake hakuyafahamu, na mzee yule akaguswa moyo. Hivyo lugha ya wazee wake ilimjia kwanza kwa mahadhi, na maana ikafuata nyuma.

Mwaka wa 1894 alipewa upadre na jina jipya la Komitas, jina la mkuu wa Kanisa wa karne ya 7 aliyekuwa mtunzi wa nyimbo. Baadaye akafikia daraja la vardapet, yaani padre mwanachuoni. Alisoma muziki Tiflis kwa Makar Yekmalyan, kisha Berlin tangu 1896 hata 1899. Watu wengi waendao ughaibuni kutafuta elimu hurudi wakidharau vya kwao. Komitas alirudi na elimu ya Ujerumani akaifanya taa ya kumulikia vya kwao.

Kazi yake kubwa ilikuwa vijijini. Aliwafuata wakulima mashambani, kwenye harusi na kwenye sikukuu, akaandika walivyoimba. Alitumia alama za muziki zilizobuniwa na Hambardzum Limonjian mapema katika karne ya 19, kwa kuwa ziliandikika upesi. Alitambua kwamba wimbo wa mkulima haukutengwa na kazi yake. Alipouchungua wimbo wa kulima wa eneo la Lori, alionyesha jinsi mahadhi, pumzi na kelele za kuwahimiza ng'ombe zilivyofungamana na mwendo wa plau ardhini. Kumwomba mkulima auimbe wimbo huo nyumbani, amekaa kitako, ni sawa na kumwomba mvuvi avute nyavu sebuleni. Wala hakuwa na choyo cha kabila: alikusanya nyimbo za Wakurdi pia, akazitoa chapa.

Walikuwako wakati ule watu waliodai kwamba Waarmenia hawana muziki wao wenyewe, ila wa kuazima kwa jirani. Komitas hakuwajibu kwa hasira. Aliwajibu kwa ushahidi. Alizitungia nyimbo za vijijini sauti za kwaya bila ya kuzivika nguo za kigeni, akizifuata kanuni zilizokuwamo ndani yake zenyewe. Mwaka wa 1906 kwaya aliyoiongoza iliimba Paris, na wajuzi wa muziki wa Ufaransa wakastaajabu. Mwaka wa 1910 alihamia Istanbul, akaunda kwaya ya watu 300. Baadhi ya wakuu wa dini walichukizwa kusikia nyimbo takatifu katika kumbi za starehe, lakini yeye hakuacha.

Ndipo ikaja tarehe 24 Aprili, 1915. Usiku ule serikali iliwakamata Waarmenia wenye elimu na cheo katika mji wa Istanbul, naye akiwa miongoni mwao, akapelekwa Çankırı. Aliachiliwa baada ya majuma machache. Wengi wa wenzake hawakurudi. Mamia ya maelfu ya Waarmenia waliangamia katika mauaji ya kimbari yaliyofuata, na vijiji vingi vilivyokuwa na nyimbo zake vikabaki bila waimbaji. Akili ya Komitas haikuweza kuubeba mzigo huo. Alipelekwa hospitali, na mwaka wa 1919 akahamishiwa Ufaransa, ambako aliishi kimya katika hospitali za maradhi ya akili mpaka alipofariki mwaka wa 1935. Mwaka uliofuata mwili wake ulizikwa Yerevan.

Karatasi zake nyingi zilipotea. Miongoni mwa vilivyopotea ni matokeo ya uchunguzi wake wa miaka mingi juu ya khaz, alama za kale za uimbaji zilizojaa katika vitabu vya Kanisa, ambazo watu walikuwa wamesahau namna ya kuzisoma. Hata leo hazijasomeka kikamilifu. Hapa pana fundisho la kuitimiza ile methali tuliyoanza nayo: daftari nalo, likikosa mtu wa kulisoma, ni bubu. Kalamu huhitaji kinywa, na kinywa huhitaji kalamu.

Hata hivyo zilisalimika nyimbo zaidi ya 1,000 kati ya maelfu aliyoyakusanya, pamoja na muziki wake wa Ibada Takatifu. Chuo cha muziki cha Yerevan kina jina lake, na kwaya huimba tungo zake kila mwaka. Mtoto aliyeimba lugha asiyoijua ndiye aliyewatunzia wenyewe sauti yao. Laiti angalichelewa miaka 20 kwenda vijijini, asingalimkuta wa kumwimbia.