Ustahimilivu wa kikundi: istilahi na utani unaoulea

Neno la Kiingereza 'resilience' lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka na kurudi nyuma. Wahandisi walilitumia kwa chuma kinachopindwa kikanyooka. Mwaka 1973 mwanaikolojia C. S. Holling alilipeleka kwenye mazingira, akieleza mfumo unaopata pigo bila kupoteza sura yake. Leo linatumika pia kwa binadamu, na Kiswahili hulifasiri kwa ustahimilivu. Mzizi wa neno hili la Kiswahili ni wa Kiarabu, wenye maana ya kubeba. Nduguze ni himili na hamali.

Tafsiri hiyo ni nzuri, ila inahitaji ulinzi. Mara nyingi tunamsifu kuwa mstahimilivu mtu aliyebeba mzigo wake kimya, peke yake. Kinyarwanda hutumia ubudaheranwa, neno lililojengwa juu ya guheranwa, yaani kuzidiwa na kushikiliwa na majonzi. Mwenye ubudaheranwa hulia kama wengine, lakini majonzi hayamfungi. Maana hiyo tuibebeshe istilahi yetu: ustahimilivu wa kikundi ni uwezo wa watu wanaoishi pamoja kupatwa na pigo, wasiachane, wakajipanga upya na kuendelea.

Chukua mfano wa Bugeshi, sekta ya wakulima wa viazi wilayani Rubavu, Rwanda. Iko karibu na volkano za Virunga, mpakani na Kongo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, nyumba zikabomoka Goma upande wa Kongo na Gisenyi upande wa Rwanda, na maelfu ya Wakongo wakavuka kuingia Rubavu. Katika eneo kama hili familia moja haijitoshelezi. Inahitaji jirani wa kuipokea usiku, wa kuiazima mbegu, wa kuitunzia mtoto. Ni rahisi kumbishia hodi mtu mliyezoea kuongea na kucheka naye kabla ya janga.

Mazoea hayo Rwanda iliyajengea taratibu zamani. Guterana ubuse ni kutaniana kati ya koo. Abazigaba, Abagesera na Abasinga ndio wanaojulikana kuwa abase, yaani watani, wa koo nyingine. Koo hizo zina Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake, kwa hiyo utani wao hupita juu ya mipaka iliyokuja kutumiwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tanzania tunauita utani. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali karne ya 19, wakawa watani. Mtani huingia hata msibani, akamwigiza marehemu, na wafiwa wakapata nafasi ya kupumua.

Utani huu hufanya kazi kwa sababu una kanuni. Kila mmoja ana zamu, na aliyetaniwa ana haki ya kujibu. Ni vivyo hivyo katika vitendawili. Anayesema "Kitendawili!" hasemi zaidi mpaka aambiwe "Tega!"; Rwanda husema "Sakwe sakwe!" na kujibiwa "Soma!" Aliyeshindwa kutegua hutoa mji, kisha mchezo unaendelea naye yumo. Kikundi kinajizoeza kukosea, kusaidiana na kurudi tena, wakati hakuna kikubwa cha kupoteza.

Zamu ikiondolewa, kicheko hugeuka silaha. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilichanganya muziki na mzaha na chuki dhidi ya Watutsi, nao hawakuwa na nafasi ya kujibu. Ile ilikuwa dhihaka, na istilahi zetu zitenganishe mambo haya mawili bila kusita.

Mpango wa uponyaji wa kijamii wa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye, ulioanza Byumba, Rwanda, mwaka 2005, umeizingatia haja hiyo ya kupeana nafasi. Watu 10 hadi 15 hukutana kila wiki kwa wiki 15. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kujaliana na kuheshimiana. Kumbukumbu za machungu huja mwishoni. Michezo imo, nayo huwafungulia watu njia ya kufika kwenye mazungumzo mazito.

Basi anayefasiri au kuendesha mpango wa ustahimilivu asiishie kuhesabu waliovumilia. Aulize: hapa nani anamtania nani, na je, anayetaniwa anajibu? Jibu likiwa ndiyo, kikundi kina mahali pa kuanzia.