Kutoka tanuri la mayai mpaka wodi ya watoto njiti

Mimi mzima hapa Leeds, ila baridi inatuonyesha cha mtema kuni.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Singida. Baada ya salamu akaingia kwenye jambo lenyewe: anaomba hela anunue mashine ya kutotolesha mayai, ile ya mayai mia moja. Nikacheka mpaka akauliza kulikoni. Nikamwambia, mwenzio nakesha na mashine ya namna hiyo usiku kucha, tofauti ni kwamba yangu ndani yake kuna watoto wa watu.

Wengi mnajua mimi ni nesi, lakini sijawahi kuwaeleza kwamba niko wodi ya watoto njiti. Hizo mashine mbili, ya vifaranga na ya watoto, ni ndugu kabisa. Ngoja niwape historia yake.

Wenye mchezo huu tangu zamani ni Wamisri. Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Misri mayai yanaanguliwa bila kuku, kwa kufukiwa kwenye samadi. Baadaye Wamisri walijenga matanuri ya matofali ya udongo: mayai yanakaa vyumba vya chini, moto wa makapi na samadi kavu unawaka vyumba vya juu. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, akajua kama limepoa au limezidi. Kazi hiyo mtoto alirithi kwa baba.

Wazungu waliona matanuri hayo wakayatamani. Mwaka 1749 mwanasayansi wa Ufaransa, Réaumur, alitoa kitabu kizima juu ya kuangua vifaranga kwa joto la samadi ya farasi, akitumia kipimajoto alichokitengeneza mwenyewe. Karne iliyofuata mashine za kutotolesha zilienea, na Paris zikawa zinaonyeshwa kwenye bustani ya wanyama.

Hapo ndipo anapoingia daktari mmoja wa wazazi, Stéphane Tarnier. Alikuwa amechoka kuona watoto njiti wanapoa mikononi mwake na kufa. Siku moja, mwaka 1878, alipita kwenye bustani hiyo akaona mashine ya vifaranga iliyotengenezwa na Odile Martin. Akajiuliza, kama kifaranga anaweza, kwa nini mtoto asiweze? Akamwomba Martin amtengenezee kubwa zaidi, na mwaka 1880 ikaanza kazi katika hospitali ya wazazi ya Paris. Kabla yake, kati ya watoto 100 waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2, walikuwa wanakufa 66. Baada yake, 38.

Mashine hiyo ya kwanza ilikuwa kubwa, ikabeba watoto kadhaa kwa pamoja. Ikaja nyingine ndogo ya mtoto mmoja. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa: sanduku la mbao, na chini yake chupa za maji ya moto ambazo wauguzi walizibadilisha kila zikipoa. Basi.

Marekani nako, Martin Couney aliwaweka watoto njiti kwenye maonyesho ya Coney Island kuanzia 1903 mpaka 1943. Watu walilipa kiingilio kuwatazama kama wanavyotazama mazingaombwe, na hela hiyo ndiyo iliyolipa wauguzi. Wazazi hawakutozwa hata senti. Hospitali nyingi wakati huo hazikuwa na pa kuwaweka watoto hao.

Sasa nimfikie Mama, maana kwa kweli barua hii ni yake.

Wengine mnajua kwamba kabla yetu sisi Mama alizaa mtoto wa kiume, wa miezi saba. Bibi alimfunga kwa pamba, akamlaza kwenye boksi karibu na jiko, akamzungushia chupa za maji ya moto. Aliishi siku nne. Mpaka leo Mama husema alipitiwa na usingizi usiku ule wa mwisho na chupa zikapoa. Amelibeba hilo miaka yote.

Mama, nilipojifunza habari za sanduku lile la Paris nilikukumbuka wewe na Bibi. Mlifanya kilekile walichofanya madaktari wakubwa, tofauti wao walikuwa na wauguzi wa zamu na ninyi mlikuwa wawili, tena mmoja ametoka kujifungua. Na mtoto wa miezi saba haui baridi peke yake. Kuna mapafu ambayo hayajakomaa, kuna kushindwa kunyonya, kuna maambukizi. Mimi nina mashine, oksijeni na daktari mlangoni, na bado wapo wanaotuponyoka. Usingizi wako haukumuua mtoto wako.

Na historia haikuishia kwenye mashine. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey aliona mashine hazitoshi, watoto wanabanana na kuambukizana. Akawaambia akina mama wamweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko wale waliosubiri kwanza watulie kwenye mashine. Yaani baada ya matanuri, samadi na umeme, tumerudi kwa kuku mwenyewe anavyoatamia. Hapa wodini nawakalisha akina mama wa Kiingereza kwenye viti, nawafungulia vifungo vya blauzi, nawawekea watoto wao.

Haya, mdogo wangu, hela nitatuma mwisho wa mwezi. Joto liwe nyuzi 37.5 kama mashine ina feni, na kipimajoto kikae usawa wa mayai. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, la sivyo kifaranga atagandia upande mmoja wa ganda. Maji yasikauke kwenye trei. Siku ya 21 utawasikia. Umeme ukikatika usifungue mfuniko, funika mashine kwa blanketi. Na wale mitetea wa Mama wawili wanaojua kuatamia, usije ukawauza.

Mama, nitakupigia Jumapili. Wasalimieni wote.