Nukushi: Barua Ipitayo Katika Waya

Somo letu la leo ni historia ya mashine iitwayo nukushi, ambayo watu wengi huiita faksi. Kazi yake ni kuchukua sura ya karatasi iliyo hapa na kuitoa mahali pengine, mbali, kwa njia ya waya wa simu. Tena tutajifunza namna ya kutafuta kosa, kompyuta ya zamani ya nyumbani inapokataa kupeleka nukushi. Mambo haya mawili huenda pamoja, kwa maana ajuaye historia ya mashine hii hujua pa kuanzia kutafuta.

1. Maneno na mwandiko

Zamani mtu aliyetaka habari yake ifike upesi alikwenda posta kupiga simu ya maandishi. Karani alihesabu maneno, akayapeleka kwa alama fupi na ndefu, na karani wa upande wa pili akayaandika upya. Maneno yalifika, lakini mwandiko haukufika. Saini haikufika. Alama ya dole gumba ya mtu asiyejua kuandika haikufika kamwe. Aliyepokea ilimbidi awaamini makarani wawili.

Nukushi ni kitu kingine. Yenyewe haisomi neno hata moja. Huitazama karatasi mstari baada ya mstari, ikiuliza jambo moja tu: mahali hapa ni peusi au peupe? Majibu hupita katika waya, na mashine ya pili huweka weusi penye weusi. Kwa hiyo saini hufika, na dole gumba hufika.

2. Nukushi ni ya zamani kuliko simu

Huenda ukashangaa kusikia kwamba nukushi ilitangulia simu ya kuzungumza. Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Scotland, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake nchini Uingereza mwaka 1843. Simu ya Alexander Graham Bell ilipata hati yake mwaka 1876, yaani miaka 33 baadaye.

Angalia kwamba Bain alikuwa fundi wa saa. Katika mpango wake ziliwekwa timazi mbili zenye kubembea kama za saa ya ukutani, moja kila upande wa waya. Ilikuwa lazima zibembee kwa pamoja. Moja ikichelewa, maandishi yalitoka yamepinda na hayasomeki. Basi tangu siku ya kwanza nukushi ilihitaji vitu viwili: njia ya kupitia, na mapatano baina ya pande mbili.

Padri mmoja wa Italia, Giovanni Caselli, aliiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1865 mashine zake zilianza kufanya kazi kati ya miji ya Paris na Lyon, huko Ufaransa. Zilitumiwa hasa kuhakikisha saini katika mambo ya benki. Mnaona kwamba tangu hapo watu waliitaka nukushi kwa ajili ya alama ya mkono wa mtu.

3. Waya wafika kwetu

Huku Afrika ya Mashariki, waya wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden. Mwaka 1890 waya mwingine uliunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Baadaye nguzo za simu zilifuata boma, reli na migodi mikubwa. Reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 ilipita Shinyanga, mashariki ya Masumbwe. Mahali palipokuwa mbali na reli palikuwa mara nyingi mbali na waya pia.

Nako ng'ambo mashine zilizidi kuwa nyepesi. Mwaka 1966 kampuni ya Xerox ilitoa mashine ya kilo 20 hivi, iliyohitaji kama dakika sita kwa ukurasa mmoja. Lakini mashine za makampuni mbalimbali mara nyingi hazikuelewana. Mwaka 1980 shirika la mataifa la mambo ya simu, lenye makao yake Geneva, lilitoa kanuni mpya ziitwazo Kundi la Tatu. Chini ya kanuni hizo ukurasa ulipita kwa dakika moja hivi, na mashine ya Japani ikaelewana na ya Ujerumani. Hapo ndipo nukushi ilipoenea duniani.

Mwaka 1985 kilianza kuuzwa kifaa cha kutia ndani ya kompyuta ndogo ili ipeleke nukushi yenyewe. Kwetu Tanzania, serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na katazo hilo lililegezwa polepole baadaye. Kwa hiyo kompyuta za nyumbani zilikuwa chache, na watu wengi waliijua nukushi kwa kwenda posta au ofisini.

4. Hodi na karibu

Sasa sikilizeni namna mashine mbili zinavyopatana. Mgeni mwenye adabu haingii nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Mashine inayopiga hutoa mlio wa nusu sekunde, hunyamaza sekunde tatu, kisha hutoa tena. Hiyo ni hodi. Mashine inayopokea hujibu kwa mlio mwembamba zaidi na mrefu. Hiyo ni karibu. Kisha mwenyeji hueleza anayoyaweza, mgeni huchagua mwendo, nao hujaribu kwanza kama njia inauvumilia. Ndipo ukurasa hupita. Mwishoni mwenyeji hujibu kwamba amepokea. Jibu lisipokuja, barua haikufika, hata kama karatasi yako imepita yote katika mashine.

5. Kutafuta kosa

Basi kompyuta yako ikikataa kupeleka nukushi, fuata mpango ule ule wa historia: kwanza njia, pili mapatano, mwisho kompyuta. Wengi huanza na kompyuta, wakaharibu kilicho kizima.

Kwanza, njia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama uutazame waya. Kifaa cha simu kilicho ndani ya kompyuta, kiitwacho modemu, mara nyingi kina matundu mawili. Moja ni la waya utokao ukutani, la pili ni la simu ya mezani. Watu huyakosea. Kisha chomeka simu ya kawaida katika waya wa ukutani, usikilize. Usiposikia mlio wa kuruhusu kupiga, kosa si la kompyuta. Fahamu pia kwamba simu ya mkononi haifai kwa kazi hii, maana mitambo yake huibana sauti ili iwe nyepesi. Sikio la mtu bado huelewa, lakini milio ya nukushi huharibika.

Pili, mapatano. Ukisikia hodi bila karibu, yamkini mashine ya upande wa pili imezimwa, au namba uliyopiga ni ya simu ya kuzungumza. Zikiitikiana kisha zikakatika, njia ni mbovu kwa mwendo uliochaguliwa. Punguza mwendo kutoka biti 14,400 kwa sekunde hadi 9,600, au chini zaidi. Ofisi nyingine hutaka upige kwanza tarakimu ya kutokea nje.

Mwisho, kompyuta. Katika Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, programu ya nukushi kwa kawaida haikuwekwa tangu mwanzo. Ilibidi kuiongeza kutoka orodha ya sehemu za ziada. Hakikisha pia kwamba kompyuta inaitambua modemu, na kwamba hakuna programu nyingine inayoitumia wakati huo huo.

6. Faida ya somo hili

Pengine utauliza, kwa nini tujifunze mashine inayoondoka? Mwaka 2019 hospitali za serikali za Uingereza zilikatazwa kununua nyingine. Kwetu simu za mkononi zilianza mwaka 1994, na mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Siku hizi mchimbaji mdogo wa dhahabu au mkulima wa pamba hupiga picha ya hati yake kwa simu na kuituma.

Lakini jambo lenyewe halijabadilika. Kupeleka si kufika. Katika maombi ya leseni ya madini, anayetangulia kuomba hutangulia kufikiriwa. Mtu atakayelala akidhani hati yake imefika, kumbe imekwama njiani, ataamka amekuta mwingine mbele yake. Kwa hiyo kila upelekapo hati, kwa mashine yoyote, ngoja jibu, liandike pamoja na siku na saa, ulihifadhi. Hiyo ndiyo kazi ya kujua kusoma na kuandika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Simu ya maandishi na nukushi zinatofautianaje?
2. Timazi mbili za Bain zinafanana vipi na hodi na karibu?
3. Kwa nini tuanze kutazama waya kabla ya kompyuta?
4. Ulipotuma hati mara ya mwisho, ulijuaje kwamba imefika?