Waliobaki Nassa

Ukitoka Nyakato kwa barabara ya Musoma, ukaipita Magu, unaikaribia Nassa, kando ya Ghuba ya Speke. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifungua kituo hapo mwaka 1888. Mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission, shirika lililoanzia Marekani. Wenye fedha wakabadilika. Waumini wa Kisukuma hapo ndipo kwao. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Africa Inland Church Tanzania, yenye makao makuu Mwanza.

Leo mitandao inayosaidia wachungaji kupanda makanisa hupenda kuhesabu makanisa mapya. Nassa inatudai hesabu nyingine: siku mfadhili akifunga virago, ni nani aliyeandaliwa kulichunga kundi?